Juba: Michezo ya Kushindana na Michezo ya Kushinda Pamoja

Msafiri aingiaye Juba kwa barabara ya Nimule hupokewa na mto kabla hajapokewa na mji. Kilomita 190 hivi za lami kutoka mpaka wa Uganda humpitisha nyikani, kandokando ya vilima vya mawe na vijiji vyenye mapaa ya nyasi, hadi afikapo Gumbo, ukingo wa mashariki wa Nile. Malori yaliyosheheni unga, saruji na vitunguu hufuatana kuelekea mtoni. Tangu mwezi Mei 2022 lipo Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Ng'ambo ya daraja ndiyo Juba yenyewe.

Juba ni makao makuu ya Sudan Kusini, taifa lililopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Mji umetandaa upande wa magharibi wa Nile Nyeupe, ambayo hapa huitwa Bahr el Jebel, na kwa upande wa machweo unatazamana na mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur. Lipo soko mashuhuri la Konyo Konyo. Iko mitaa ya Malakia, Kator, Munuki na Gudele. Jua la Juba halina masihara. Ifikapo alasiri, mwenye akili hutafuta mti, na chini ya mti, aghalabu, hukuta chai.

Kibanda cha chai cha Juba hakina makuu. Yuko mwanamke mmoja nyuma ya jiko la mkaa, birika mbili tatu, na safu ya mitungi yenye sukari, tangawizi, mdalasini na karafuu. Viti vya plastiki vimezunguka. Mazungumzo ni ya Kiarabu cha Juba, lugha ya soko na ya mitaa yote. Lakini mgeni atokaye Mombasa au Kigoma asishangae akijibiwa kwa Kiswahili. Wasudani Kusini wengi walikulia ugenini wakati wa vita, baadhi yao katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, na wengine Uganda. Walirudi na elimu, wakarudi na lugha. Nchi yao nayo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam, tarehe 15 Aprili 2016.

Katikati ya viti hivyo mna meza, na juu ya meza mna dhumna. Vigae ni 28. Wakicheza wanne, kila mmoja huchukua saba, na kila mchezaji huwa na mwenzi wake aliyekaa mkabala naye. Mwenye bahati hukibamiza kigae mezani mpaka bilauri zikatikisika. Haruhusiwi kumwambia mwenzi wake ameshika nini. Humsoma kwa anavyocheza, naye husomwa vivyo hivyo. Mwanajeshi aliyepumzika zamu, dereva wa bodaboda, mwalimu na mfanyabiashara wa nyanya waweza kukaa meza moja, na kwa nusu saa cheo pekee kinachotambulika ni cha mshindi.

Basi katika mji huu, neno "mshindi" lina uzito wake. Vita vilivyozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013 viligawa jeshi, vikagawa mitaa, vikagawa hata nyumba. Mapatano yalitiwa sahihi mwaka 2015, na mwezi Julai 2016 risasi zikalia tena mjini. Mkataba mwingine ulifuata tarehe 12 Septemba 2018, serikali ya pamoja ikaundwa mwezi Februari 2020, na tarehe 30 Agosti 2022, katika uwanja lilipo kaburi la Dakta John Garang, kundi la kwanza la askari wa majeshi ya pamoja lilihitimu mafunzo. Walikuwamo watu waliowahi kulengana bunduki. Mwaka 2025 mapigano na mvutano vilirejea katika sehemu kadha za nchi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi katika methali hii ni mama na watoto wa askari wa pande zote.

Kwa hiyo swali lifuatalo, ingawa ni la mchezo, si la mzaha. Je, mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo atajifunza wapi kwamba mtu aweza kushinda bila jirani yake kushindwa?

Vishimo na kete

Michezo ya mkakati si mgeni katika bonde la Nile wala katika pwani. Uganda wanao omweso, Zanzibar na Tanzania bara wanalo bao, na katika nchi nyingi za eneo hili watoto huchimba vishimo ardhini, wakaokota kokoto na kuanza kucheza. Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za vishimo vinane, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mchezo huanza kwa kunamua: kila mmoja ameweka kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 zimebaki mkononi. Humwingiza mmoja baada ya mwingine, akila, akitakata, mpaka mkono utupu ndipo waingie katika mtaji.

Bao lina jambo moja ambalo askari yeyote atalitafakari. Katika drafti na sataranji, kete iliyoliwa hutolewa nje, imekufa. Katika bao, kete iliyoliwa haifi. Huchukuliwa, hupandwa upande wa aliyeila, na kuanzia hapo hutumika pamoja na kete zilizokuwako, bila kuulizwa ilitoka wapi. Wazee waliobuni mchezo huu hawakuandika kitabu juu ya kuunganisha majeshi. Lakini walijua kwamba nguvu iliyochukuliwa kwa mpinzani ni bora kutumiwa kuliko kuharibiwa.

Hata hivyo, bao nalo humalizika kwa mmoja kucheka na mwingine kuinuka.

Vita juu ya meza

Makamanda wa zamani walitambua mapema kwamba ubao hufundisha. Mwaka 1824, ofisa mmoja kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani halisi. Vipande vyekundu vilikuwa jeshi moja, vya buluu jeshi la pili. Dadu iliamua hasara, kwa kuwa vitani bahati haikosekani. Jambo kubwa zaidi lilikuwa mwamuzi. Wachezaji walimwandikia yeye amri zao, naye aliweka juu ya ramani yale tu ambayo macho ya skauti wao yangeweza kuyaona. Hivyo ofisa alijizoeza kuamua huku hajui yote. Jeshi la Prussia liliukubali, na majeshi ya nchi nyingine yakaiga baadaye.

Michezo ya mkakati ichezwayo majumbani leo ni wajukuu wa ramani ile, ingawa wengi wao wameitupa bunduki. Mfano mzuri ni Catan, uliotolewa mwaka 1995 na Mjerumani Klaus Teuber, ambaye kazi yake ilikuwa fundi wa meno ya bandia. Ubao wake ni kisiwa cha vipande 19 vyenye pembe sita. Kila kipande, isipokuwa cha jangwa, hutoa mali: mbao, matofali, sufu, nafaka au madini. Mchezaji hujenga vijiji na barabara pembezoni mwa vipande, na kila kipande kinachotoa mali kina namba. Dadu mbili zikirushwa, kipande chenye namba iliyotokea humpa mali kila aliyejenga kando yake, hata kama zamu si yake. Wa kwanza kufikisha pointi 10 ndiye mshindi.

Utamu wa Catan uko sokoni. Mwenye matofali tele hana nafaka. Mwenye nafaka hana mbao. Hapana anayeweza kuendelea kwa urahisi bila kubadilishana na jirani, na mchezaji mwenye ulafi, anayedai kondoo watatu kwa tofali moja, hujikuta hapana anayemtazama. Ikitokea saba, mnyang'anyi huhamishwa na kuketi juu ya kipande cha mtu, nacho huacha kuzaa. Na kila aliyelimbikiza kadi zaidi ya saba mkononi hupoteza nusu. Mama yeyote auzaye nyanya Konyo Konyo angeuelewa mchezo huu kabla fundi hajamaliza kuueleza.

Adui ni ubao wenyewe

Ipo michezo iliyokwenda mbali zaidi. Hii ni michezo ya ushirikiano, ambamo wachezaji wote wako upande mmoja, na ubao wenyewe ndio unaowashambulia. Washindapo, wameshinda wote. Washindwapo, hapana wa kuchekwa peke yake.

Ulio mashuhuri ni Pandemic, wa Mmarekani Matt Leacock, uliotoka mwaka 2008. Ubao ni ramani ya dunia yenye miji 48, na maradhi manne yanaenea. Juba haimo, lakini Khartoum imo, imeunganishwa kwa mistari na Cairo, Lagos, Kinshasa na Johannesburg. Wachezaji wawili hadi wanne hugawiwa kazi: mmoja tabibu, mmoja mwanasayansi, mmoja mtafiti, na kadhalika. Kila zamu mtu hufanya mambo manne: husafiri, hutibu, hujenga kituo cha utafiti, au humpa mwenzake kadi. Kisha zamu ya maradhi huja. Kadi hufunuliwa na vigae vya maradhi huongezwa mijini. Mji wenye vigae vitatu vya ugonjwa mmoja ukiongezwa cha nne, maradhi hufurika mpaka miji jirani, na miji jirani nayo yaweza kufurika.

Njia ya kushinda ni moja tu: kuvumbua dawa zote nne. Njia za kushindwa ni tatu: mafuriko manane, au vigae vya ugonjwa mmoja kumalizika, au kadi za wachezaji kwisha. Kwa kuwa dawa moja huhitaji kadi tano za rangi moja katika mkono mmoja, hapana anayeweza kufanikiwa haraka bila kupewa na wenzake. Na hapa iko kanuni ambayo mtu wa Juba ataipima kwa uzoefu wake: wachezaji hawawezi kupeana kadi mpaka wakutane katika mji mmoja. Msaada hautumwi kwa maneno. Mtu husafiri, huacha kazi yake, huenda alipo mwenziwe.

Nchi hii iliwahi kuucheza mchezo huo bila ubao. Mwaka 1976, kusini ya Sudan ya wakati ule, ugonjwa usiojulikana uliibuka miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Nzara, ukafika Maridi na kuingia hospitalini. Ulikuwa ni Ebola. Wagonjwa 284 walihesabiwa, na 151 kati yao walifariki. Maridi ulionyesha dunia yale ambayo ubao hurudia kwa kadi na vigae: ugonjwa hufuata njia za watu, huwapiga kwanza wanaouguza, na mji mmoja ukizidiwa jirani yake hana salama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Salaam na Wahda

Yuko Msudani Kusini aliyeona kwamba michezo yaweza kuzungumza na watu wake. Lual Mayen alizaliwa njiani, wazazi wake wakiikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza alitamani kuwa nayo. Mama yake, aliyekuwa akishona nguo, alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme wa kuitia nguvu. Kijana alitembea saa tatu kwa miguu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu.

Mchezo wake wa kwanza aliuita Salaam, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Mchezaji hushika nafasi ya mkimbizi: hukimbia mabomu, hutafuta maji, chakula na dawa. Hana bunduki. Baadaye Mayen alihamia Marekani, akaanzisha kampuni yake Washington na kuiita Junub Games, yaani Michezo ya Kusini. Mwezi Desemba 2018 alitunukiwa katika sherehe kubwa ya tuzo za michezo ya kompyuta huko Los Angeles. Katika kazi zake umo pia mchezo wa mkakati wa ubaoni, uhusuo namna ya kumaliza migogoro. Aliuita Wahda. Kwa Kiarabu neno hilo ni umoja.

Kijana huyu hakuwa peke yake katika fikira hiyo. Mwezi Januari 2016 serikali, ikisaidiwa na Wajapani, ilianzisha mjini Juba mashindano ya Siku ya Umoja wa Taifa. Vijana wa majimbo mbalimbali walikuja kucheza mpira na kukimbia, lakini pia walilala mahali pamoja na kula pamoja. Miezi sita baadaye mji uliwaka. Ni lazima jambo hilo lisemwe, ili mtu asidanganywe kwamba mchezo unazuia vita. Mchezo hauzuii vita. Unachofanya ni kumpa mtoto, kwa saa moja, mazoea ambayo nyakati za hofu hazimpi.

Mkubwa anyamaze kidogo

Michezo ya ushirikiano ina ugonjwa wake, na wenye kuicheza wanaujua sana. Kwa kuwa wote wako upande mmoja, yule ajuaye zaidi huanza kuwaamulia wenzake. "Wewe nenda Khartoum. Wewe mpe kadi huyu. Wewe subiri." Baada ya zamu tatu meza ina watu wanne lakini mchezaji mmoja. Waliobaki husogeza vipande kama vibarua. Hata wakishinda, hawakushinda wao.

Askari na polisi wataitambua picha hii upesi, maana kazi yao imejengwa juu ya amri, na vitani au katika ghasia amri haina mbadala. Lakini amri iliyo njema kazini yaweza kuwa mzigo mezani kwa chakula. Baba aliyezoea kuitikiwa "ndiyo, afande" hurudi nyumbani na sauti ileile, na mtoto mwenye wazo zuri hulimeza. Katika nchi ambayo walioamua walikuwa wachache na walioumia walikuwa wengi, kuzoea kusikiliza sauti ndogo si jambo dogo.

Wabunifu wa michezo wametafuta dawa. Mfaransa Antoine Bauza alitoa mwaka 2010 mchezo wa karata uitwao Hanabi, ambao mwaka 2013 ulipata tuzo ya mchezo bora wa mwaka nchini Ujerumani. Ndani yake kila mtu hushika karata zake kinyume, migongo ikimwelekea yeye na nyuso zikiwaelekea wenzake. Hazioni zake; anaziona za wengine. Shabaha ni kupanga karata kwa rangi, kutoka moja hadi tano, na dokezo wanazoweza kupeana ni chache, zimehesabiwa. Mkubwa wa meza hana la kufanya ila kumtegemea mdogo amwambie amebeba nini. Jenerali na kuruta huwa sawa, maana kila mmoja ni kipofu wa mkono wake.

Embe na kunguru

Michezo hii ya viwandani huuzwa kwa makumi ya dola, na meza za chai za Juba bado ni milki ya dhumna na karata. Hilo lisiikatishe tamaa familia yoyote, iwe Juba, iwe katika nyumba za askari kwingineko Afrika Mashariki. Mwaka 1986 kampuni ya Kijerumani HABA ilitoa mchezo wa watoto uitwao Obstgarten, yaani bustani ya matunda, ulioonyesha kwamba hata mtoto wa miaka mitatu au minne aweza kucheza kwa ushirikiano. Mfano wake waweza kutengenezwa nyumbani kwa gharama ndogo sana.

Vitu vinavyohitajika: kipande cha boksi, kalamu, maharage au kokoto 40, kizibo cha chupa, na dadu moja ya ludo.

Chora juu ya boksi miembe minne, na uipe namba 1 hadi 4. Juu ya kila mwembe weka maharage kumi. Hizo ndizo embe. Pembeni chora njia ya hatua tisa iishiayo bustanini. Kizibo ni kunguru, naye husimama nje, kabla ya hatua ya kwanza. Wachezaji wawili hadi wanne hurusha dadu kwa zamu. Ikitokea 1, 2, 3 au 4, mchezaji huchuma embe moja katika mwembe wa namba hiyo. Kama mwembe huo umekwisha, zamu imepita bure. Ikitokea 5, amepata kikapu: huchuma embe mbili popote apendapo. Ikitokea 6, kunguru husogea hatua moja. Embe zote zikichumwa kabla kunguru hajafika hatua ya tisa, wote wameshinda. Akitangulia kunguru, wote wameshindwa, na mchezo huanza upya.

Kikapu ndicho chenye mkakati. Mtoto hupenda kumaliza mwembe ulio karibu kwisha, kwa sababu kumaliza kuna raha. Lakini mwembe ukiisha, namba yake ya dadu huwa bure kwa mchezo wote uliobaki. Hekima ni kuchuma kutoka mwembe wenye embe nyingi zaidi, ili yote minne ipungue kwa pamoja. Hesabu yathibitisha: kunguru husogea kwa wastani mara moja katika kila mirusho sita, hivyo hatua tisa humchukua mirusho 54 hivi, na maadamu miembe yote ina matunda, wachumaji hupata kwa wastani embe moja kila mrusho. Embe ni 40. Faida ipo, lakini ni ndogo, nayo huliwa na kila mrusho upitao bure.

Mama au baba azingatie kanuni mbili za nyongeza. Ya kwanza: kabla ya kutumia kikapu, aulizwe kwanza mtoto mdogo kuliko wote. Ya pili: mkubwa asimsahihishe mpaka mchezo umalizike. Kama bustani ikiliwa na kunguru kwa kosa la mtoto wa miaka mitano, iliwe. Mchezo wa pili atajirekebisha mwenyewe, na furaha ya siku hiyo itakuwa yake. Watoto wakishaizoea bustani, kunguru aanzie hatua ya pili badala ya nje, nao wataona jinsi faida ile ndogo inavyopungua zaidi.

Jua likitua

Juba hubadilika rangi jua linaposhuka nyuma ya Jebel Kujur. Vumbi la barabara huwa jekundu, kisha la kijivu. Bodaboda huongezeka kuelekea Gudele na Munuki, na chini ya mwembe mwenye chai huanza kuhesabu bilauri zake. Wacheza dhumna humaliza mkono wa mwisho. Aliyeshinda husimulia alivyojua tangu mwanzo kwamba kigae cha sita mbili kilikuwa kwa fulani. Aliyeshindwa humlipia chai. Hakuna uadui katika malipo hayo. Kesho watabadilishana viti, na huenda mpinzani wa leo akakaa mkabala na mshindi, awe mwenzi wake.

Vigae hurudishwa katika kopo, vyote 28, vya aliyeshinda na vya aliyeshindwa. Kimoja kikipotea, hapana atakayeweza kucheza kesho. Ndiyo maana kabla ya kuondoka huinamia pamoja chini ya meza, wakitazama mchangani.